Tangi Tupu si Tangi Salama



Wengi wenu mnaosoma ukurasa huu hamvui samaki. Mnafanya kazi viwandani, katika mashamba ya michikichi na ya chai, katika karakana na maghala. Hata hivyo, safari hii tumechagua kueleza juu ya matangi ya mafuta ya boti kuukuu za uvuvi, jinsi ya kuyatunza na jinsi ya kuyatengeneza. Tunazo sababu mbili. Ya kwanza, ndagala tunaowala na ugali wetu huletwa na boti hizo. Ya pili, na ndiyo kubwa, tangi la boti likitoboka huletwa kwa mfanyakazi. Huletwa kwa fundi wa kuchomelea katika karakana, au kwa kijana wa kiwandani anayeitwa siku ya Jumapili apate hela kidogo za nyumbani. Huyo ndiye anayeungua. Na kile kinachoua pale ufukweni ndicho hicho hicho kinachoua penye tangi la trekta shambani, na penye pipa lililotupwa nyuma ya kiwanda.

Neno letu la leo ni moja, nasi tungependa kila msomaji alishike: tangi lililomwagwa mafuta bado halijawa tupu. Mafuta yametoka, lakini mvuke wake umebaki, na mvuke ndio unaolipuka.

BOTI ZA ZIWA LETU

Ziwa Tanganyika ni mali ya nchi nne: Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wavuvi wa Kigiriki walileta ziwani uvuvi wa boti kubwa zenye injini, zinazovua usiku kwa taa na nyavu za kuzungushia. Tangu hapo boti za chuma na za mbao zimekuwa zikipita kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Boti hubadilishwa jina, hubadilishwa rangi, hubadilishwa injini mara mbili au tatu. Tangi lake la mafuta aghalabu hubaki lile lile la zamani.

Maji baridi ya ziwa hayali chuma upesi kama maji ya chumvi ya bahari. Kila mtu wa pwani ya ziwa letu anaijua meli Liemba. Wajerumani waliijenga mwaka 1913 huko Papenburg, wakaileta Kigoma vipande vipande, na ilipoingia majini mwaka 1915 iliitwa Graf von Götzen. Mwaka 1916 wakaizamisha wenyewe ili isichukuliwe na adui, lakini kabla ya kuizamisha mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzito. Ilitolewa majini mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Miaka minane chini ya maji, na mitambo ikaponywa na grisi! Hilo latufundisha kwamba chuma kikitunzwa hudumu.

Lakini tangi halifanani na mwili wa boti. Mwili wa boti unaonekana, nao hupigwa brashi na rangi. Tangi limefichwa chini ya sakafu au nyuma ya injini, nalo huliwa pande zote mbili, ndani na nje. Ndiyo maana boti inaweza kuonekana nzima kabisa, kumbe tangi lake limeoza.

MAJI HUINGIAJE NDANI YA TANGI

Adui wa kwanza wa tangi ni maji. Wengi hudhani kwamba maji huingia kwa kifuniko kibovu tu, au kwa mafuta yaliyochanganywa na muuzaji mdanganyifu. Hizo ni njia mbili za kweli, lakini ipo ya tatu isiyoonekana.

Tangi hupumua. Lina bomba dogo la hewa, ili mafuta yakitumika hewa iingie mahali pake. Mchana hewa ya ndani hupata joto na kutanuka. Usiku hupoa na kusinyaa, nalo tangi huvuta hewa mpya ya ziwani iliyojaa unyevu. Unyevu huo ukigusa bati lililopoa hugeuka matone, kama umande juu ya majani. Matone huteremka na kukaa chini. Boti ikilala wiki nyingi na tangi nusu, kila usiku huongeza kidogo. Tangi likijazwa hakuna nafasi ya hewa, kwa hiyo hakuna umande.

Maji hukaa chini kwa sababu ni mazito kuliko mafuta. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo 1, lakini lita moja ya mazutu, yaani dizeli, haifiki gramu 860. Basi mazutu huelea, na maji hulala juu ya bati la chini, ambapo huanza kazi yake ya kutia kutu.

Tena, mahali pale mazutu yanapokutana na maji huota viumbe vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Vinakula mafuta na kuishi katika maji. Vikiwa vingi hufanya ute mweusi au wa kahawia kama makamasi, nao ute huo hutoa asidi inayochimba vishimo katika chuma. Fundi akifungua tangi akakuta utelezi wa namna hiyo, asidhani ni uchafu wa kawaida. Ni dalili kwamba maji yamekaa humo muda mrefu.

Kutoka Mei hadi Septemba upepo wa kusini-mashariki huvuma kwa nguvu katika ziwa letu. Boti huyumba, na ule ute na kutu vilivyotulia chini hutibuliwa vikaingia katika bomba la injini. Kichujio huziba, injini huzimika. Ndiyo maana injini huzimika siku ya mawimbi, siku ile ile inayohitajika kuliko siku zote. Wenzetu wengine husema ni mkosi, wengine husema wamerogwa. Kumbe ni ndoo moja ya uchafu ambayo ingeweza kutolewa siku ya utulivu kwa kufungua koki.

KULITUNZA TANGI

Matunzo yenyewe hayahitaji vyombo vya ghali. Yanahitaji mtu aliyepewa jukumu na siku iliyowekwa.

1. Jaza tangi boti inaporudi, wala usingoje inapotaka kuondoka. Acha nafasi ndogo tu ya mafuta kutanuka kwa joto.

2. Toa maji kwa koki ya chini kila wiki, asubuhi, kabla boti haijatikiswa. Kinga katika chupa nyeupe na utazame. Maji yatakaa chini na mazutu juu. Endelea mpaka yatoke mazutu matupu. Kama tangi halina koki ya chini, mwambie mwenye boti aiweke mara tangi litakapotolewa.

3. Bomba linalopeleka mafuta kwenye injini lisianzie chini kabisa mwa tangi. Lianzie juu kidogo, sentimita 5 hivi, ili lisivute maji na uchafu.

4. Weka vichujio viwili, wala si kimoja, na cha kwanza kiwe na kikombe cha kukusanya maji. Vichujio vya akiba viwepo ndani ya boti.

5. Kagua bomba la hewa. Mara nyingi huzibwa na rangi ya mpakaji asiyejali au na nyumba ya nyigu. Likiziba, injini hufa njaa, na bati la tangi huweza kubonyea ndani. Mdomo wake uinamishwe chini mvua isiingie, na ufungwe wavu mwembamba wa waya wa kuzuia cheche.

6. Tangi lisilale moja kwa moja juu ya mbao. Mbao hunyonya maji na kuyashika, na chuma kilichokaa juu ya mbao mbichi huoza kutoka nje bila mtu kujua. Liinue juu ya vipande vya mpira mgumu usionyonya maji, hewa ipite chini yake. Chini ya mikanda inayolishika pia weka mpira.

7. Ule mpira mweupe wa plastiki unaowekwa ubavuni ili kuona kiasi cha mafuta ni hatari. Moto ukitokea chumba cha injini, mpira huyeyuka kwanza na tangi zima hummwagikia fundi. Afadhali kijiti cha kupimia, au kioo kisichopasuka kwa joto chenye koki zinazojifunga zenyewe.

8. Koki kuu ya mafuta iweze kufungwa kutoka nje ya chumba cha injini. Mtu hawezi kuingia motoni kwenda kufunga mafuta.

Kwa boti ndogo za mota ya nyuma zinazotumia esansi, ambayo wengine huiita petroli, tuongeze neno moja. Mvuke wa esansi ni mzito kuliko hewa mara tatu hata nne. Hauruki juu, bali hutiririka chini kama maji na kukaa katika tumbo la boti. Kwa hiyo lile tangi dogo la kubebwa litolewe nje na kujazwa ufukweni, mbali na taa, sigara na meko ya wakaanga samaki.

KULITAFUTA TUNDU

Tangi linalovuja hutoa dalili: harufu katika tumbo la boti, rangi za upinde wa mvua juu ya maji, rangi ya tangi iliyovimba malengelenge, mafuta yanayopungua bila hesabu. Pangusa tangi likauke, lipake unga wa chokaa, kisha ngoja. Panapovuja unga utalowa.

Likitoboka ziwani, chukua kipande cha sabuni ya kufulia na ukisugue kwa nguvu juu ya tundu. Sabuni haiyeyuki katika mazutu wala esansi, hivyo huziba kwa muda. Huu ni ujanja wa zamani na ni wa kweli, lakini ni wa kurudi nyumbani tu. Boti ikifika, tundu litengenezwe. Na tukumbuke kwamba tundu moja lina ndugu zake: bati likitoboka mahali pamoja, sehemu iliyolizunguka nayo imekwisha kuwa nyembamba. Bati la matangi ya boti hizi mara nyingi ni la milimita 3 hadi 5. Ukiligonga kwa nyundo ndogo na sauti ikawa butu, au likabonyea, halifai kiraka. Tangi hilo limekufa.

KWA NINI TANGI TUPU HULIPUKA

Hapa tunawaomba wasomaji wasome polepole.

Ili moto uwake lazima vitu vitatu vikutane: mafuta, hewa na joto. Mafuta yenyewe yaliyo maji maji hayawaki. Kinachowaka ni mvuke wake uliochanganyika na hewa. Tangi lililojaa pomoni halina hewa ndani. Tangi lililotolewa mafuta lina hewa tele, na kutani kwake, katika pembe na ndani ya kutu, yamebaki mafuta ya kutosha kutoa mvuke. Vile viwili vimekwisha kukutana. Panangojwa cha tatu tu, nacho kinaletwa na fundi.

Ni mafuta kiasi gani yanayotosha? Mvuke wa esansi hulipuka ukiwa tangu sehemu 1 na nusu hivi mpaka sehemu 7 na nusu hivi katika kila sehemu 100 za hewa. Tuchukue pipa la lita 200. Kijiko kimoja au viwili vya chakula vya esansi vikigeuka mvuke vinatosha kulifanya pipa hilo kuwa bomu. Nani anaweza kusema kwamba amelimwaga pipa mpaka hakikubaki kijiko?

Watu wengi husema, “Hili ni tangi la mazutu, mazutu hayashiki moto.” Maneno haya yamewaua watu. Ni kweli kwamba mazutu yaliyopoa hayawaki kwa kiberiti kama esansi. Yanahitaji kupata joto la digrii 55 hivi ndipo yatoe mvuke wa kutosha kuwaka. Lakini moto wa kuchomelea huyeyusha chuma, nacho chuma huyeyuka kwa digrii zipatazo 1,500. Fundi anapochomelea nje, bati la ndani hupata joto, na mafuta yaliyojificha nyuma ya kutu huchemka na kutoa mvuke pale pale. Yaani tangi la mazutu huweza kuwa halina mvuke wa hatari saa fundi anapoanza, na likawa nao dakika chache baadaye kwa sababu ya kazi yake mwenyewe.

Tusidhani kwamba mambo haya huwapata watu wa karakana maskini peke yao. Tarehe 17 Julai 1996 ndege kubwa aina ya Boeing 747 ililipuka angani karibu na New York, Marekani, na watu wote 230 waliokuwamo wakafa. Uchunguzi uliomalizika mwaka 2000 ulionyesha kwamba kilicholipuka kilikuwa mvuke ndani ya tangi la katikati, tangi ambalo siku hiyo lilikuwa karibu tupu.

NJIA ZA MKATO

Tumesikia njia nyingi za mkato katika karakana za ufukweni. Tuziseme moja moja ili asiwepo wa kusema hakuambiwa.

Kusuuza mara moja kwa maji baridi: hakuondoi mafuta yaliyoshikwa na kutu, wala yaliyo nyuma ya zile mbao za chuma zinazogawa tangi ndani ili mafuta yasiyumbe.

Kuliacha wazi juani siku mbili: jua huongeza mvuke, na mvuke ni mzito, haupandi kutoka kwa tundu la juu.

Kunusa: pua huzoea harufu upesi, baada ya muda haisikii kitu.

Kupitisha moshi wa injini ndani ya tangi ili kufukuza hewa: injini ya mazutu inayonguruma bila mzigo hutoa moshi ambao bado una hewa nyingi ya kuwasha moto. Njia hii humpa fundi matumaini ya uongo.

Kupuliza kwa oksijeni ya mtungi wa kuchomelea: huku ni kuulisha moto. Asifanye mtu yeyote, hata siku moja.

Kusafisha tangi la mazutu kwa esansi: ni kuondoa hatari ndogo na kuweka kubwa.

Na kukata kwa mashine ya kusagia badala ya moto: cheche zake zinatosha kabisa.

NJIA ILIYO SALAMA

Swali la kwanza ni hili: je, moto ni lazima? Tangi dogo lililooza afadhali litupwe na litengenezwe jipya kwa bati jipya ambalo halijawahi kuona mafuta. Tundu dogo laweza kuzibwa kwa gundi ya chuma ya kuchanganya, au kwa kipande cha bati, gasketi na skrubu, bila moto. Viraka hivyo ni vya muda, lakini fundi anarudi nyumbani na macho yake.

Ikiwa moto ni lazima, basi kazi ifuatane hivi:

Kwanza, tangi litolewe botini na kupelekwa mahali pa wazi, mbali na watu. Pale ufukweni akina mama huanika ndagala na watoto hucheza. Hawakuulizwa kama wanakubali kuwa karibu na bomu.

Pili, mafuta na uchafu vyote vikingwe katika mapipa yenye vifuniko. Visimwagwe ziwani. Maji hayo ndiyo tunayokunywa.

Tatu, vifuniko vyote vifunguliwe, chumba kwa chumba. Tangi lililogawanywa ndani lina pembe ambazo mkono haufiki kwa mlango mmoja. Kutu ikwanguliwe kwa vifaa visivyotoa cheche.

Nne, tangi lioshwe kwa maji ya moto na sabuni, tena na tena, au kwa mvuke wa maji mpaka bati lote lipate joto, na maji yanayotoka yasiwe na mng'ao wa mafuta.

Tano, tangi kubwa la kuingia mtu lina hatari nyingine. Kutu inapojitengeneza hula oksijeni ya hewa. Katika tangi lililofungwa muda mrefu, mtu huweza kuanguka bila kusikia dalili yoyote, na anayeruka kumwokoa huanguka juu yake. Hewa njema ina oksijeni karibu sehemu 21 katika 100. Ikishuka chini ya 19 na nusu, asiingie mtu. Daima awepo mlinzi nje, na anayeingia afungwe kamba.

Sita, hewa ya ndani ipimwe kwa kipima gesi, juu, katikati na chini, katika kila chumba. Kipimo kikionyesha kuwa mvuke umefika sehemu ya kumi ya kile kiwango kidogo kinachoweza kulipuka, kazi isianze. Baada ya kila mapumziko ipimwe upya, kwa maana mafuta ya kwenye kutu huendelea kutoa mvuke.

Saba, tangi ligeuzwe tundu likae juu, lijazwe maji mpaka karibu na tundu, huku njia ya hewa ikiwa wazi. Maji hufukuza hewa na mvuke. Nafasi ikiwa ndogo, hata balaa ikitokea huwa ndogo.

Nane, baada ya kuchomelea, tangi lijaribiwe kwa maji, wala si kwa kompresa. Simamisha bomba lenye urefu wa mita 2 juu ya tangi na ulijaze maji, ngoja, kisha tafuta jasho kwenye maungo. Msukumo wa mita 2 za maji juu ya bati la mita moja kwa mita moja ni sawa na uzito wa tani 2. Kompresa ya karakana yenye nguvu ya bar 7 ingesukuma bati hilo hilo kwa tani 70. Tangi hupasuka kama puto, na vipande vyake ni vya chuma.

Tisa, lipakwe rangi nje. Ndani lisitiwe zinki, maana mazutu hupatana vibaya na zinki na kufanya uchafu unaoziba vichujio. Lipanguswe kwa mazutu safi, kisha lijazwe.

Na mahali pasipo na kipima gesi? Jibu letu ni fupi: pasipo na kipimo, hapana moto. Karakana kadhaa zinaweza kuchanga na kununua kimoja. Hilo ni dai ambalo wawakilishi wa wafanyakazi waweza kulipeleka kwa waajiri hata kesho.

HAKI YETU

Mwenye boti anataka boti irudi ziwani kabla mwezi haujawa mkubwa, maana ndagala huvuliwa vema usiku wa giza. Msimamizi anataka kumfurahisha mwenye boti. Fundi anataka posho ya siku. Kila mmoja ana haraka, lakini anayeshika moto ni mmoja.

Katika karakana moja tuliyoitembelea, kijana aliamriwa kuchomelea tangi lililomwagwa mafuta jana yake. Fundi mzee aliyekuwa jirani akasimama, akasema: “Mwanangu, weka chini hicho chombo.” Msimamizi akamtisha kwamba wote wawili watafukuzwa. Mzee hakubishana naye. Aliomba tu vifuniko vifunguliwe kwanza, msimamizi atazame mwenyewe. Zilitoka ndoo tatu za uchafu wenye mafuta kutoka katika tangi lililosemwa kuwa tupu. Kazi ikaahirishwa siku mbili, tangi likaoshwa. Boti ilipoteza safari mbili, lakini hakuna mtoto aliyepoteza baba.

Mzee yule hakuwa mkaidi. Alikuwa na haki. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 1981, unasema kwamba mfanyakazi aliyejiondoa mahali pa kazi kwa kuwa ana sababu ya haki ya kuamini kwamba pana hatari kubwa na ya karibu kwa maisha au afya yake, alindwe asiadhibiwe kwa jambo hilo. Mwezi Juni 1998 nchi wanachama zilitangaza haki za msingi za kazi, na mwezi Juni 2022 usalama na afya kazini viliongezwa katika haki hizo. Maana yake ni kwamba nchi zote wanachama zinapaswa kuiheshimu haki hii, hata zile ambazo hazijatia sahihi mkataba wenyewe. Na wavuvi nao wana mkataba wao, namba 188 wa mwaka 2007, ulioanza kutumika tarehe 16 Novemba 2017.

Lakini haki iliyoandikwa huko Geneva haimlindi mtu aliye peke yake. Kijana yule angekataa peke yake, angefukuzwa, na mwingine angeitwa badala yake. Aliokolewa kwa sababu mwenzake alisimama naye. Hiyo ndiyo kazi ya chama cha wafanyakazi: kuhakikisha kwamba anayesema “hapana” mbele ya hatari hasemi peke yake.

Kwa hiyo tunashauri kila karakana, kila kiwanda na kila shamba liwe na hati ya kazi ya moto. Iwe karatasi moja tu yenye maswali matano: Tangi au pipa hili lilikuwa na kitu gani? Limeoshwa na nani, kwa njia gani? Limepimwa saa ngapi, kipimo kilisoma nini? Nani anasimama na maji au kizima moto? Nani ametia sahihi? Msimamizi atie sahihi kwa mkono wake. Tumeona kwamba mtu asiyeogopa kutoa amri kwa mdomo, huogopa sana kuitia sahihi.

Na ninyi wenzetu wa mashambani, mnaokata mapipa kufanya majiko, mapipa ya maji au vikaango vya mawese, jueni kwamba pipa la mazutu, la esansi, la mafuta ya taa au la dawa ni lile lile tangi la boti. Mvuke haujui kama uko ziwani au shambani. Pipa la dawa lisitumiwe kabisa kwa maji wala chakula, hata likioshwa mara ngapi.

Tunaomba wanaojua kusoma wawasomee wenzao wakati wa mapumziko, na karatasi hii ibandikwe ukutani penye mitungi ya gesi, mahali fundi anapoinama kuwasha moto. Kabla hajawasha, aulize maswali matano. Asipojibiwa, asiwashe, na waliosimama naye wasiondoke.